Nilivyochomelea mifupa ya ndege Butembo kwa akili ya baiskeli

Wakuu, heshima kwenu. Naanza na kosa langu, maana nikianza na mengine nitaishia kujitetea.

Wakati wa vita, kamanda mmoja wa waasi aliniuliza kama ninaweza kuchomelea ndege. Nikajibu ndiyo. Hapa hamna chumvi hata punje.

Nilikuwa fundi wa baiskeli Butembo. Ndege nilizijua kwa kuzitazama zikipita juu.

Kamanda alikuwa ameokota kindege cha zamani katika shamba la kahawa karibu na Beni. Kitambaa chake kilikuwa kimeoza, kikabaki kiunzi cha mabomba membamba ya chuma, kimeliwa na kutu. Kililetwa kwangu juu ya lori, kimefunikwa majani ya migomba. Siri kubwa. Mji mzima ulikuja kuitazama.

"Muzee, utaweza?"

"Chuma ni chuma, mon commandant."

Wiki ile ile nikaandika ukutani: BAISKELI NA NDEGE. Chekeni tu.

Nilifanya kazi na Paluku, mume wa dada yangu. Zamani aliwahi kumsaidia fundi wa ndege za misheni. Sisi wa baiskeli tulizoea kumwagia maji kiungo kikiwa bado chekundu, ili mteja apande aende zake. Paluku aliponiona na ndoo, akanishika mkono.

"Shemeji, hapana mayi! Hii chuma itavunjika kama sahani. Acha ipoe yenyewe."

"We ulikuwa unapanguzaka vioo vya ndege, leo unanifundisha moto?"

Wateja wakacheka. Nikamwaga.

Kiunzi kikapakwa rangi, kikavalishwa kitambaa kipya, kikarudi Beni kufungwa injini. Kamanda akakiita "force aérienne", yaani jeshi lake la anga.

Sasa, kwetu aliyechomelea baiskeli huipanda yeye kwanza kwenye mteremko, mwenye mali akitazama. Kamanda aliijua desturi hiyo. Siku ya test akaniambia:

"Fundi, panda na rubani."

"Mon commandant, mimi ni muzito. Shemeji ndiye mwepesi."

Paluku aliniangalia. "Sawa. Lakini ndoo ilikuwa yako."

Akapanda.

Kindege kilikimbia, kikanyanyuka hadi kimo cha mti wa kahawa, kikashuka kwa kishindo. Mguu wa gurudumu ukakatika pale pale nilipochomelea. Kikabiringika.

Rubani alitoka akichechemea. Kamanda akaulizia injini.

Watu hunihurumia, wakidhani nilishikiwa bunduki. Hapana. Nilisifiwa tu, ikatosha.

Funzo: anayejua akikwambia acha, acha, hata kama karakana ni yako na watu wanakutazama. Wenye ujuzi wa vyuma vya ndege, nisahihisheni hapo chini. Wenye matusi nao waandike, nitasoma yote.

Paluku alikufa mle ndani, kwenye kiti kilichokuwa changu. Dada yangu alilea watoto wanne peke yake, na mpaka leo hajakanyaga kwangu.