Vishimo Alivyovifumua Mama Eliana

Pale Ihanja, ukiwa na shati lililokunjamana na hutaki kusemwa, usipite mbele ya kibanda cha Cecilia. Mama huyu hana ugomvi na mtu, ila makunyanzi na yeye ni paka na panya. Bwana harusi mmoja aliwahi kuvuliwa koti mlangoni mwa kanisa, mbele ya wakwe, likapelekwa kupigwa pasi huku kwaya ikirudia pambio lile lile mara nne. Harusi ilichelewa, picha zikatoka safi, na Cecilia hukukumbusha habari hiyo hata usipomuuliza.

Alizaliwa Kinyangiri, akaolewa Ihanja na Mughwai, mkulima wa alizeti mwenye maneno machache na kicheko kingi. Shangazi wa mumewe ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani na kumpa sheria moja: nguo haitoki mezani bila kupita pasi. Cecilia aliishika sheria hiyo kama amri ya Mungu. Kitambaa chochote alichokikuta mezani, kiwe cha mteja au kimeletwa na upepo, alikipiga pasi kwanza, maswali baadaye.

Sasa mwanawe Eliana, wa kidato cha tano, alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule yake kwenye maonesho ya sayansi ya wilaya. Mshindi angepelekwa Dodoma, kwenye maabara yenye hadubini kubwa, akaone kwa macho yake vitu alivyokuwa akivisoma vitabuni tu. Eliana aliitaka safari hiyo mpaka akawa haongei kingine. Wiki tatu nzima bwenini alishona kwa mkono kitambaa cha bafta chenye ukubwa wa shuka, akakijaza vishimo vidogo. Jumamosi ya maonesho, asubuhi, alikileta nyumbani, akakiweka juu ya meza ya mama yake, akaenda kunywa uji.

Mnajua kilichofuata.

Aliporudi alikuta kitambaa kimenyooka kama sahani, pasi ya mkaa bado inafuka, na mama yake anatabasamu.

"Nimekusaidia, mwanangu. Nani alikushonea vibaya hivi? Kilikuwa na makunyanzi zaidi ya themanini. Nimeyafumua yote."

Eliana alikaa chini palepale akalia. "Mama, ule ulikuwa utando wa seli."

"Utando wa nini?"

Ikabidi aeleze huku akifuta machozi. Kila seli ya mwili imevaa utando mwembamba sana. Kwenye seli za misuli, za mafuta na za mishipa ya damu, utando huo una vishimo vingi vidogo vinavyoitwa kaveola. Seli ikivutwa, vishimo hufunguka, utando ukapata nafasi na usichanike. Ikiachiwa, hujikunja tena. Vingine hujikata na kuzama ndani ya seli, vimebeba kilichonaswa humo.

Cecilia aliona aibu mpaka akaanza kujilaumu kwa Kinyiramba, lugha ambayo majirani wa Kinyaturu hudai hawaisikii, ila siku hiyo waliisikia vizuri. Kisha akakigeuza kile kitambaa mkononi. Aliufikiria upindo mpana anaouficha kwenye sare za watoto wa kidato cha kwanza, ili waongezewe urefu wakirefuka.

"Kumbe ni akiba ya kitambaa," alisema. "Vile vyako, ukivivuta, vilikuwa vinarudi?"

"Hapana, mama. Vilikuwa vya kuonyesha tu."

"Maonesho ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Bado tuna muda. Futa machozi, lete mkasi."

Cecilia alizungusha uzi wa mpira kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa mkono, taratibu, usije ukakaza mno, akaketi kwenye cherehani. Eliana alichora alama, mama akashona. Vingine vichache alivishikiza kwa uzi mmoja tu, ukiuvuta kishimo kinabanduka kizima kama kifuko. Mughwai, aliyeshindwa kabisa kuficha kicheko, alipewa kazi ya kutia mbegu za alizeti ndani yake. Saa saba walimaliza, na Cecilia alilazimika kufunga mikono nyuma ili asiishike pasi.

Jaji alikuwa Raymond, mtaalamu kutoka chuoni, mtu wa mikono mipana. Eliana alimwamkia shikamoo, akaeleza, kisha akamkaribisha avute. Raymond alivuta kwa nguvu zote. Vishimo vilifunguka kimoja baada ya kingine, kitambaa kikarefuka, hakuna uzi uliokatika. Alipoachia, vyote vilirudi mahali pake. Wanafunzi walipiga makofi.

"Kwenye seli, kishimo kinashikwa na nini?" aliuliza.

"Protini ya kaveolini hukusanyika pale utando unapobonyea. Protini nyingine, kavini, huizunguka upande wa ndani wa seli. Utando ukivutwa sana, kavini hubanduka."

"Na hapa kwenye kitambaa?"

Eliana aligeuka nyuma. "Hapo naomba mama ajibu."

Cecilia alijibu. Alieleza uzi, bobini na mkazo, akaendelea mpaka Mwalimu Calist wa biolojia akakohoa kumkumbusha kuwa shule nyingine zinasubiri. Hapo Cecilia naye akauliza lake: tumbo la mama mjamzito nalo linavyo?

"Misuli ya mji wa mimba inavyo vingi sana," alisema Raymond.

Cecilia alimtazama binti yake, mrefu kuliko yeye sasa, akajishika tumbo akacheka. "Basi huyu alivivuta vyote."

Jioni jina la Eliana lilisomwa la kwanza, na Mughwai akarusha kofia isiyo yake. Fomu ya safari ilikuwa na nafasi mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu aliyemwongoza. Mwalimu Calist aliisoma, akampa Cecilia kalamu.

"Mimi sikujua kama vinaweza kurudi," alisema. "Andika wewe, Mama Eliana."

Cecilia aliandika jina lake. Mstari uliofuata ulidai kiwango cha elimu. Akamtazama Raymond, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni darasa la saba.

"Andika hivyo hivyo, mama," alisema Raymond. "Isomeke vizuri."

Akaandika, kwa herufi kubwa, machozi ya furaha yakimtoka mbele za watu wote, wala hakuyafuta.