Siku Niliyoupigia Hodi Mtandao

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka, leo acheni niitue, ila msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa wakati intaneti ya nyumbani ndiyo kwanza inaingia mtaani kwetu Miyuji, nami najifunza ufundi wa simu kwenye kibanda cha mjomba (elimu yangu darasa la saba, mpole, nikiongea na mteja natazama viatu vyake). Mama Joshua, mtumishi wa serikali, akaja na gemu ya mkononi ya mwanawe. "Fundi, utaweza kuja kuiunganisha na intaneti ya nyumbani kwangu?" Hakuna aliyewahi kuniita fundi. Nikasema naweza.

Kufika kwake, gemu ikaleta majina mawili ya mitandao. La kwanza vurugu tupu ya herufi na namba, nikajua hiyo ni hitilafu. La pili: NYUMBANI KWA CHILONGANI, na Mzee Chilongani ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Sasa mimi nimelelewa kijijini Mlali, kule kwa mtu huingii bila hodi, na kumuuliza Mama Joshua niliona haya, basi nikatoka na gemu mkononi inapiga muziki (sikujua pa kuizimia) hadi mlangoni kwa mzee.

"Hodi!"

"Karibu!"

Kumbe ndani kuna wageni wa posa! Wazee wamejaa sebule, wananitazama, na muziki tititi, tititi. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja, jasho linanitiririka.

"Una shida gani, mwanangu?" akauliza Mzee Chilongani.

"Mzee, naomba ruhusa gemu hii iingie kwako."

Shangazi mmoja akaangua kicheko hadi kitenge kikamlegea. "Jamani, na huyu kaja kuposea gemu!" Sebule nzima ikapasuka. Hata Tumaini, binti anayeposwa, akatoka chumbani (siku ambayo hakutakiwa kuonekana!), akaitazama gemu, akanieleza huku anafuta machozi kwamba jina lile la Chilongani alilibuni yeye, na zile herufi na namba ndilo jina la mtandao wa Mama Joshua, kisanduku chake cha intaneti kimetoka nalo kiwandani, na neno la siri limebandikwa chini yake.

Mzee peke yake hakucheka. "Mtandao wangu sijaufunga. Mtaa mzima wanaingia kimyakimya. Huyu ndiye wa kwanza kupiga hodi. Mpeni chai."

Nikainywa chai yote, nikarudi, nikapindua kisanduku, gemu ikaunganika. "Ahsante, fundi!" akasema Mama Joshua, safari hii kwa haki.

Nimeapa sitasema tena "naweza" kabla ya kuuliza. Ila hodi ile siijutii: leo nina kibanda changu, wateja wananiita Fundi Hodi, nami naitika kwa sauti.