Niliwaambia Wasipige Miguu

Video ilinikuta Berea, hapa Johannesburg, Jumamosi asubuhi, nimekaa sakafuni nabadilisha nyuzi za fidla. Ilitoka Peru. Nilifurahi hata kabla ya kuifungua, maana aliyeituma ni mjukuu wa mzee aliyenifundisha nyimbo za Krismasi za kijiji chao, msichana wa miaka kumi na sita, na nilidhani ananionyesha anavyopiga vizuri.

Alikuwa anapiga vizuri. Kila noti ilikuwa ile niliyoirekodi mimi. Mbele yake wachezaji walikuwa wamejipanga mistari miwili, mikanda ya kengele imevuka vifua, na hakuna aliyejua aanze na mguu upi. Mmoja aliruka, mwingine akasubiri, wa nyuma akamgonga wa mbele. Walikwama kama magari njia panda, kwenye taa za robot zilizokatika umeme. Kisha msichana akaisogelea simu, anahema: "Binamu, babu amepooza upande wa kulia. Hawezi tena kushika upinde. Krismasi hii napiga mimi, na ninajifunza kwa rekodi yako. Lakini miguu iko wapi? Tutumie ile yenye miguu."

Sikuwa na yenye miguu.

Nilikwenda kule kwa ajili ya shahada ya uzamili, na nilikwenda na maswali zaidi ya nguo. Nilianzia milimani. Mpiga fidla mmoja aliniambia niilaze fidla yangu kando ya maporomoko ya maji usiku kucha, ili pepo anayeishi majini azikaze nyuzi. Nikamwuliza huyo wa majini anatumia kipimo gani. Alicheka hadi akashika ukuta. Niliilaza, ila ndani ya mfuko wa plastiki, na alfajiri nikapima kila uzi kwa simu. "Unyevu," niliandika daftarini, nikapiga mstari chini yake.

Kisha nikashuka pwani, kwenye kijiji cha mashamba ya pamba ambako watu ni weusi kama mimi. Mzee alinitazama mara moja akaniita binamu, na tangu hapo kijiji kizima kikaniita hivyo. Fidla aliiegemeza kifuani, si shingoni, na kila Krismasi aliongoza mistari ya wachezaji nyumba kwa nyumba. "Fidla ililetwa na wenye mashamba," aliniambia. "Miguu tulikuja nayo." Nikaiona nukuu nzuri ya kufungulia sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Niliiandika neno kwa neno na sikuisikiliza hata kidogo.

Siku ya kurekodi, viatu vya wachezaji vilikuwa vinatingisha kipaza sauti changu. Nikawaomba wakae pembeni, watulie. Mzee aliinua upinde, akaushusha. Akawatazama wale waliokaa.

"Naanzia wapi?"

"Anzia mwanzo tu, mzee."

"Mwanzo ni wao, binamu."

Nilidhani ananitania. Alipotea mara mbili, akarudia, akamaliza akiwa ameinamisha kichwa. Jioni ile niliandika: kumbukumbu ya mpigaji imeanza kufifia. Niliporudi Johannesburg nikakaa na kompyuta, nikakata vimya vyote vilivyokuwa katikati ya wimbo, kwa sababu nilidhani mzee alikuwa anavuta pumzi. Hiyo ndiyo rekodi niliyowatumia kama zawadi. Mhadhiri wangu alisema hajawahi kusikia rekodi ya kijijini iliyo safi namna ile. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Jumamosi hiyo nilifungua faili la kwanza kabisa, lile ambalo sikuwa nimelikata. Ninayeishi naye, msusi kutoka Lubumbashi, alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda saluni. Alisikiliza kidogo, kikombe mkononi.

"Dada, huyu papa iko naongea na nani?"

"Anapiga peke yake."

"Hapana. Sikia. Anauliza, ananyamaza. Anauliza, ananyamaza. Iko nangoja jibu." Aliweka kikombe chini. "Njo we uliwafunga kinywa?"

"Niliwafunga miguu."

"Mama yangu! Na miaka yote ile ya université!"

Alicheka. Mimi sikuweza. Mzee hakuwa amesahau kitu. Nilikuwa nimemwondolea nusu ya wimbo halafu nikamwandika msahaulifu, kwenye kitabu chenye jalada gumu kilichoko maktaba.

Nilipekua mafaili yote. Mchana nikapata moja tu, la sekunde arobaini, la kujaribu mitambo. Miguu imo, mizito, inajibu na kudai, na juu yake sauti yangu kwa Kihispania cha darasani: "Tafadhali acheni! Miguu inaharibu!" Nilijaribu kuitoa sauti yangu. Kila nilipoigusa, na miguu iliondoka. Nikatuma vilevile, pamoja na faili lenye vimya, na maneno machache ya kuomba radhi ambayo niliyafuta na kuyaandika upya mara nyingi mno.

Jibu, video nyingine, lilikuja Jumatano, nikiwa kwenye ngazi, lifti imekufa tena. Mzee amekaa kitini, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mguu wake wa kushoto umewekwa juu ya sanduku la mbao. Msichana anapiga, ananyamaza, na mguu ule mmoja unajibu. Wachezaji wameukodolea macho. Wanaingia, kwanza wawili, kisha mstari mzima. Na katikati, pale pale palipo na sauti yangu, watoto wote wanapaza kwa lafudhi yangu: "Tafadhali acheni!" halafu wanakanyaga kwa nguvu zaidi, vumbi linapanda hadi magotini. Mzee anacheka kwa nusu ya mdomo.

"Krismasi tutatoka," msichana alisema mwishoni. "Lakini babu anaweza kutupigia mguu wa kushoto tu. Wa kulia unaingia kati, kwenye faili sauti yako imeufunika, na sisi tulikuwa tunamfuata yeye bila kuhesabu. Anauliza wewe unaukumbuka? Siku ile kabla hujatukalisha, aliupiga mbele yako."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilichokumbuka ni mshale wa kipimo cha sauti tu, jinsi ulivyokuwa unarukia kwenye rangi nyekundu.