Soko Lililofunga Mdomo

Ipo siku moja ya soko kule Mpondwe ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Nataka kukusimulia leo kwa sababu Jumapili iliyopita uliondoka hapa Bwera ukilia. Ulipanda bodaboda na begi lako la kazini, ukawa unageuka nyuma mpaka dereva akakuonya kwamba utaanguka. Mwanao Baluku hata hakukuangalia, alikuwa anahangaika na kifuniko cha sufuria. Ulisema mtoto atafanya kila kitu cha kwanza wewe ukiwa kazini Kasese, na wewe utabaki kuwa mtu wa kuhadithiwa tu. Maneno hayo nimelala nayo wiki nzima, Masika, kwa sababu mimi pia niliwahi kuyasema, na mtoto mwenyewe ulikuwa wewe.

Wakati ule nilikuwa nauza samaki wa chumvi, wale ambao wateja wetu wa Kongo wanawaita makayabo. Samaki walitoka Katunguru kwa lori, na lori halikuwa na saa. Likipiga honi kule steji, kwenye kituo cha magari, unakimbia, maana aliyechelewa aliachiwa vichwa na mikia. Kwa hiyo nilikuwa nakuacha kwenye mkeka, ndani ya karai la bluu nililotandika kitenge. Upande mmoja alikaa Mama Kavira, mama mtu mzima aliyevuka mpaka kila siku ya soko kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na jerikeni zake za mawese. Upande wa pili alikaa Jovia, msichana wa Bwesumbu aliyeuza kabichi na kugawa maneno bure.

Hapo ndipo ulipokulia. Ulinyonya kwangu, lakini uji ulilishwa na yeyote aliyekuwa karibu na kijiko. Jioni ulirudi nyumbani ukinuka samaki na mawese, na baba yako alikuwa akikubeba anasema anaanza kusikia njaa. Ulikuwa mtoto wa kucheka ovyo. Hata askari wa forodha walikujua jina, na mimi walikuwa wananiita mama wa yule wa kwenye karai.

Sasa shida yangu ilikuwa hii. Siku jino lako la kwanza lilipochomoza, mimi nilikuwa steji nagombania samaki. Nikarudi, Jovia huyo mbio kunipokea: "Mama Masika, leo toto yako imetoa jino!" Nikacheka nao. Siku ulipotambaa, ukimfuata kuku wa watu, nilikuwa steji vilevile. Wakanihadithia wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka kuonyesha jinsi ulivyoinua makalio. Nikacheka tena, halafu nikaenda nyuma ya magunia ya muhogo nikalia mpaka leso ikalowa. Niliona kwamba nimekuzaa mimi lakini wanaokuona ni wengine.

Mama Kavira alinikuta pale nyuma. Nikamwambia yote, jinsi nilivyomwomba Mungu, kwamba jino nimeachilia, kutambaa nimeachilia, ila siku utakayotembea naomba niwepo mimi mwenyewe. Hakunipa pole wala hakunishauri kitu. Alinimiminia maji ninawe uso, akarudi kwenye mawese yake.

Basi ikafika siku yenyewe. Honi ilipigwa asubuhi, kumbe ni ya gari jingine, lori letu lilikuwa limeharibika njiani, tukalingoja steji mpaka jua likapita kichwani. Narudi na beseni kichwani, nakuta mstari wetu kimya. Hakuna anayeita wateja. Wanawake wamekaa wameshika tama utadhani wanasikiliza mahubiri, na Jovia ameinama anatafuna muwa. Wewe ulikuwa umesimama katikati ya magoti ya Mama Kavira, umeshika jerikeni, uso wote mawese.

Mama Kavira akasema, "Tua muzigo kwanza. Kaa chini pale. Fungula mikono."

Nikakaa. Akakuachia. Ulitikisika kidogo, ukanitazama, halafu ukaja. Ulikuja na tumbo mbele na mikono juu, ukaanguka kifuani pangu na mawese yako yote. Mstari mzima ukapiga vigelegele mpaka watu wa upande wa Kongo wakaja kuuliza nani ameolewa. Mwanangu, nimepata furaha nyingine maishani, sikatai, lakini ile haijapata mwenzake.

Nikawa mtu wa kujisifu. Kanisani nilisema, kisimani nilisema, kwa baba yako nilisema mpaka akaniomba nipumzike. Binti yangu alinisubiri mimi, mama yake. Sentensi hiyo niliiimba miezi mingi, na siku moja nilikuwa naiimba kwa mteja nikimpimia samaki, Jovia akashindwa kuvumilia.

"Kusubiri wapi?" akasema huku anacheka. "Huyu asubuhi ile ilishaenda mpaka kwa mutu wa makaa na kurudi. Sisi ndiyo tulikuwa nangoja wewe."

Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu. Soko zima lilijua, mimi tu ndiye sikujua. Nilikunja mkeka wangu, nikakubeba mgongoni, nikahamia kule mwisho kwa wauza viatu. Salamu zao nikawa siitikii. Nilikuwa na hasira ya ujana, ile inayokufanya ujione una haki hata jua likikuchoma peke yako.

Siku ya soko iliyofuata Mama Kavira alinifuata. Ni mtu mzito, kutembea kulimchosha, na mawese alikuwa amewaachia wengine. Alikaa kwenye mkeka wangu bila kukaribishwa.

"Uko nakasirika juu ya nini?" akaniuliza.

"Mlinidanganya."

"Ndiyo, tulimuona. Alisimama asubuhi tu, wewe uko steji. Nikamurudisha, nikamukalisha. Akasimama tena, nikamukalisha tena. Tangu asubuhi mupaka lori yako ifike, miye niko namukalisha tu. Mugongo yangu ilikufa. Jovia alitaka kukimbia steji kukuambia, nikamununulia muwa atafune, juu mudomo yake ipate kazi." Akapumua kidogo. "Mama Masika, umeshaona wapi bamama ba soko banafunga midomo siku muzima? Tulifunga juu yako. Furaha ile tulisema kila mutu apishe, iwe ya mama yake. Na wewe unatuhamia kwa viatu."

Nikaona wale wanawake walivyokaa kimya kimya siku ile, na wateja wakipita bila kuitwa, kwa ajili ya mtoto asiye wao na mama aliyelia nyuma ya magunia. Nikaona aibu, halafu nikawapenda kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Mama Kavira alinibebea karai, mimi nikabeba samaki, tukarudi mahali petu. Jovia alinisogezea kabichi zake ili mkeka uenee, akasema samahani, na dakika hiyohiyo akaanza kumhadithia jirani.

Baadaye Jovia naye alipata mtoto. Jino la kwanza la mtoto huyo nililiona mimi, mama yake akiwa amefuata kabichi. Ulimi uliniwasha mpaka nikamwonea Jovia huruma ya siku za nyuma. Lakini nilinyamaza. Alipokuja nikamwambia tu, "Hebu mtie kidole mdomoni, naona anatoa mate mengi." Akapiga ukelele, akanikumbatia, akanihadithia yeye jino ambalo mimi nimeshalijua tangu asubuhi.

Basi nisikilize, Masika. Usijione mama nusu kwa sababu unafanya kazi. Mtoto anatembea akiwa tayari, hangoji likizo yako, na hilo si kosa lako wala lake. Anayemlisha uji na kumfuta makamasi ukiwa mbali hakuibii kitu, mpende tu. Ukija usije na huzuni kwenye begi ukadhani biskuti zitaifunika. Kaa naye chini, mwache akuvute nywele, hilo ndilo analolitaka. Na siku ukishika mtoto wa mwenzako, ukaona cha kwanza chake, zuia ulimi wako. Mpishe mama yake.

Kila jioni unapiga simu unauliza kama kuna jipya, nami nakujibu hakuna, Baluku amekula, amelamba simu, amelala. Leo pia utauliza na nitakujibu vilevile.

Mungu aliyekutunza ndani ya karai akutunze huko Kasese. Akupe maziwa na nguvu za kurudi nyumbani kila wiki, na watu wema wa kukaa kushoto na kulia kwa mwanao kama alivyonipa mimi.

Ila Ijumaa ukitoka kazini, usipitie sokoni, mwanangu. Njoo moja kwa moja. Vua viatu mlangoni, weka begi, kaa kwenye mkeka, ufungue mikono. Mgongo wangu unaniuma wiki hii kwa kuinama inama, lakini usiniulize kwa nini. Mimi sijaona kitu.