Aliyeshika Kata ya Maji

Kipengele cha sita cha ajenda kilisomeka hivi: "Zoezi Shirikishi la Wananchi la Kuondoa Dukuduku dhidi ya Mteule wa Kijiji wa Mafunzo ya Utabibu Msaidizi." Kiliwekwa baada ya choo cha shule na kabla ya mengineyo. Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa mgeni kutoka Singida, mtu makini, aliyeamini kwamba jambo lolote likishapewa jina refu linakuwa la serikali.

Kwa watu wa kwetu, milimani juu ya Mkuyuni, jambo hilo lilikuwa na jina fupi: kutema kijicho. Mtu akiondoka kwenda kujifunza kazi ya mikono, iwe ufinyanzi, ushonaji au ukunga, kila aliyemwonea wivu alitakiwa ajitokeze, auseme wivu wake mbele ya watu, kisha apige funda la maji na kuyatema chini, miguuni pa anayeondoka. Usipotema, kijicho chako kinampanda mgongoni na kusafiri naye, na siku akirudi mkono wake unakuwa mzito. Kama ni mfinyanzi, vyungu vinapasuka. Kama ni wa kutibu, wagonjwa hawaponi. Bibi yetu ndiye aliyetufundisha hivyo, na hakuna aliyembishia, maana nusu ya kijiji ilianza kulia mikononi mwake, na yeye ndiye aliyewapasha habari mama zao kama ni wa kike au wa kiume.

Mteule alikuwa dada yangu, Mwajuma. Zahanati yetu ilikuwa na bati jipya, kitanda kipya na kufuli jipya. Kilichokosekana ni tabibu. Walioletwa kutoka mijini hawakukaa; wa mwisho aliripoti asubuhi, akaitazama njia ya kupandia vitongojini, na kufika mchana alikuwa ameshaomba uhamisho. Ndipo ukaja mpango wa kila kijiji kumteua kijana wake, akasomee utabibu msaidizi, kisha arudi kuwatibu watu anaowajua kwa majina, kwa njia anazozijua kwa nyayo.

Wivu wangu kwa Mwajuma haukuhitaji uchunguzi. Nilikuwa darasa la tano. Nilionea wivu sanduku lake la bati, viatu vyake vya kamba, na koti jeupe ambalo lilikuwa bado halijashonwa. Zaidi ya vyote, nilionea wivu jinsi bibi alivyomwita. Wajukuu wa kike wote tulikuwa "mke mwenzangu" kwake, utani wa kila nyumba kwetu. Lakini tangu jina la Mwajuma lilipopitishwa, bibi alimwita hivyo yeye peke yake, tena kwa sauti ya chini, akimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilidhani ni mapenzi.

Siku ya mkutano bibi alisimama katikati ya uwanja na mtungi wa maji na kata yake ya kifuu cha nazi. Mwanzoni hakuna aliyekuwa na wivu. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa malaika.

"Hakuna?" bibi akauliza. "Basi mtoto huyu tumempa kitu kibaya, kama hakuna hata mmoja wenu anayekitamani."

Mama Shabani, jirani yetu, akainuka akijifunga kanga upya. "Mimi ninao. Shabani wangu alimpita huyu kwa alama. Tangu juzi chakula hakipiti." Akapiga funda, akatema. Watu wakacheka, na foleni ikaanza. Mwalimu alitema. Fundi cherehani alitema. Kijana mmoja akasema anawaonea wivu wanafunzi wenzake Mwajuma wa huko chuoni, na mtendaji akauliza kama hilo liko ndani ya ajenda.

Zamu yangu ilipofika nilisema namwonea wivu kwa kila kitu. Mtendaji akaomba nifafanue, kwa ajili ya muhtasari. Nikafafanua. Nilianza na sanduku nikawa naelekea kwenye suala la bibi, ndipo bibi mwenyewe akanisukumia kata mdomoni. Nilitema kwa nguvu hadi viatu vya kamba vikalowa.

Mwajuma akaenda chuoni. Alipokuja likizo, mgonjwa wake wa mazoezi nilikuwa mimi. Alinilaza mkekani, akanigonga tumbo kwa vidole akilitafuta bandama, akanivuta kope za chini kuona kama damu ipo. Alinihesabia pumzi huku akitazama saa aliyopewa chuoni, midomo ikicheza bila sauti. Nilizuia pumzi makusudi ili ahesabu vibaya. Alisubiri tu. Hiyo saa nayo niliionea wivu.

Mwaka wake wa mwisho alipangiwa mazoezi ya vitendo hapo hapo nyumbani, na muuguzi kutoka kituo cha bondeni akawa anapanda siku za kliniki kumsimamia. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtendaji, aliyetaka kuwa mfano kwa wananchi. Alichomwa sindano, na baada ya siku chache pakaota jipu. Mkutano uliofuata aliuendesha akiwa amesimama kuanzia kufungua hadi kufunga, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkono wa Mwajuma ulikuwa mzito. Kuna mtu hakutema.

Kuanzia hapo wagonjwa waliipita zahanati kama wanavyopita nyumba yenye mbwa, wakaenda kwa bibi. Mwajuma alikaa mlangoni na koti lake lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mkufunzi wake alikuwa njiani kuja kumkagua. Bila wagonjwa hapakuwa na alama, bila alama hapakuwa na cheti, na kijiji kingebaki na kufuli lake.

Alasiri moja Mama Shabani alifika barazani kwa bibi amembeba kitindamimba wake, amelegea, tumbo likipanda na kushuka upesi upesi. Nilikuwa pale nachambua mdalasini pamoja na wanawake wengine. Mwajuma alikuwa amemwona akipita, akamfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Koti limekutoa."

"Bibi, mtoto huyu mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hiyo ni nimonia. Dawa yake iko kule, nimeiacha mezani."

Mama Shabani akamkumbatia mtoto zaidi. "Mwanangu, wewe sikukatai. Naukataa mkono. Mtendaji tunamwona anavyosimama."

Kisha wote wakageuka kunitazama mimi. "Zena," mmoja akasema, "ulitema kweli wewe?"

Sijawahi kuonewa kama siku ile. "Nilitema! Viatu vililowa! Mtendaji aliandika!" Nilikuwa nimeshaanza kulia, na mtoto anayelia kwa kuonewa hachagui wa kumtaja. "Wote tulitema. Bibi tu ndiye hakutema!"

Wanawake wakauacha mdalasini, wakamgeukia bibi.

"Mimi nilishika kata," bibi akasema.

"Kwani," Mama Shabani akauliza polepole, "aliyeshika kata hatemi?"

Hilo mila haikulisema. Miaka yote aliyeshika kata alikuwa bibi, na haikumwingia mtu akilini kwamba naye anaweza kumwonea mtu wivu. Bibi alimtazama mtoto kwa muda. Alimpokea mwenyewe yule, usiku wa mvua, na jina alimchagulia yeye. Kisha akaniagiza maji.

"Nina wivu," akasema, akiwa ameishika kata kwa mikono miwili. "Ninao tangu jina lako liliposomwa, Mwajuma. Nimewazalisha watu hawa kwa mwanga wa kibatari, sijapewa hata kitambaa cha kufutia mikono. Wewe umepewa koti kabla hujashika mtu. Walipoanza kukukimbia wakarudi kwangu, nilifurahi. Hata leo huyu alipoingia na mtoto, nilifurahi."

Akapiga funda, akatema. Maji yakatua kwenye viatu vile vile, ambavyo sasa vilikuwa vimechakaa. Halafu akamchukua mtoto kutoka kifuani pa Mama Shabani, akamweka mikononi mwa dada yangu, akashika fimbo yake na kutangulia njia ya zahanati, watu wote wamwone.

Mimi sikuwa tabibu. Nilikuja kuajiriwa katika ofisi ya chuo kimoja mjini Morogoro, ambako natunga fomu za vijana wanaoomba kusomea kazi ile ile. Mwombaji anatakiwa kujaza "Tamko la Utayari wa Kuhudumu Maeneo Yasiyofikika kwa Urahisi", nakala tatu. Hakuna mahali anapoulizwa ni nani nyumbani atakayeumia moyo siku akirudi na koti. Nimefikiria mara nyingi kupendekeza kipengele hicho, na jina lake refu nimeshalipata. Kwetu bado naitwa mdogo wake daktari. Kila ninapopanda kwenda likizo nasimama kwenye bomba lililo chini ya nyumba ya Mwajuma, napiga funda na kutema, kisha ndipo naingia kumwamkia.

Ripoti ya mkufunzi wa dada, niliyokuja kuisoma, inasema kwamba mahudhurio ya wagonjwa yaliongezeka kufuatia uhamasishaji wa jamii. Kilichotokea ni kwamba bibi yangu aliona wivu, akausema, akatema maji, na mtoto wa Mama Shabani akapata dawa jioni ile ile na akapona.