Nilivyougeuza mkeka wa kuzikia wa bibi yangu kuwa pochi za kitchen party

Chwaaaa.

Huo ni ukindu unachanwa kwa ukucha wa dole gumba. Bibi yangu kule Salale anauchana hivyo kusuka mikeka tangu mimi sijazaliwa, na mpaka leo nikiukumbuka mlio huo shingo inanisisimka.

Wakuu shikamooni, na wenzangu mambo. Ninachoandika ni kweli tupu na aibu yake bado mbichi, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibiti. Shule niliishia form four, matokeo tusiyaongelee. Ila ndoto ninazo, tena kubwa kuliko kibanda changu. Nataka siku moja mtu avae kitu huko Dar aseme, "Hiki kakitengeneza yule dada wa Kibiti."

Mwaka jana nikaenda kumsalimia bibi. Boda mpaka Nyamisati, halafu boti. Kufika, nikatumwa ungo darini, nikakuta mkeka umekunjwa, umefungwa kwa kitambaa cheupe.

Nikaufungua. Wakuu! Vimstari vya zambarau na vyeusi, kimoja kimelala huku, kingine kimelala kule, kama punje za mpunga zilizomwagwa na mtu mwenye akili zake. Sijawahi kuona mkeka wa hivyo, na nimezaliwa juu ya mikeka.

Nikapiga picha nne, nikaukunja, nikashuka na ungo wangu. Sikuuliza kitu.

Kurudi Kibiti nikanunua jeans za mtumba, nikazikata, nikashona ule mchoro juu yake kwa vipande vya kitambaa. Zikatoka pochi kali balaa. Nikaposti: "ORIGINAL DESIGN. Nimeiota, nikaamka nikachora. Usi-copy."

Nimeiota! Darini kwa bibi ndiko nilikoiota.

Likes zikaja, na oda ikaja: pochi kumi na mbili za kitchen party ya binti wa jirani, sare ya mashangazi. Siku yenyewe wakaingia ukumbini wanacheza, pochi juu, mauno chini. Mimi nipo mlangoni, machozi ya furaha yananilenga.

Sasa shangazi yangu, mtoto wa yule yule bibi wa Salale, alikuwa kaalikwa. Akadaka pochi moja, akaigeuza, akaiinua juu. Muziki ukazimwa.

"Hivi nyie," akasema, "mnajua mnaukatia kiuno mkeka wa kuzikia wa mama yangu?"

Kwa wasiojua: kwetu marehemu hulazwa kwenye mkeka, na wapo wazee wanaojisukia wa kwao mapema wakauweka. Wa kwake bibi aliusuka kwa mchoro ambao hajamsukia mtu mwingine, wala hauuzi. Ulikuwa utoke siku moja tu. Shangazi alijua kwa sababu ndiye aliyemchemshia rangi.

Pochi zikawekwa chini moja moja kama zinaunguza. Mama mmoja akahamishia vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, lipstiki na yote. Bi harusi analia.

Shangazi akanigeukia. "Na wewe mwota ndoto, kesho unakwenda Salale kumwambia mwenyewe. Akiondoka kwa presha utamzikia kwenye hizo pochi zako."

Nikaenda. Kwenye boti nimekumbatia pochi moja kama mtoto wa kuiba. Kilichonitesa si oda. Bibi alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho ni chake peke yake, nami nimekimwaga mtandaoni, tena na caption ya uongo.

Nikakaa chini, nikamweleza yote. Akaichukua pochi. Akaipapasa. Akainusa.

"Mke mwenzangu," akasema, "hapa umekosea. Hiki kinalala kushoto."

"Bibi nisamehe. Nimekuibia mchoro wako."

"Wangu? Mimi mwenyewe niliuiba."

"Kwa nani?"

"Kwa pantoni."

Wakuu, nilidhani presha imeshapanda.

Kumbe bibi ni Mmatumbi. Alivushwa mto pale Ndundu kuja kuolewa huku, enzi za pantoni, daraja bado. Aliona haya kuwatazama watu wa mumewe, akainamisha kichwa mpaka ng'ambo. Alichokiona ni sakafu ya chuma tu, ile yenye vinundu vya mshazari ili watu wasiteleze. Akavikariri.

"Nilivuka nimekanyaga hivyo nikienda ugenini," akasema. "Na huko ninakokwenda nako ugenini. Nikaona bora nivuke juu ya kitu nilichokizoea."

Mimi kulia, yeye kucheka.

"Nyamaza, mwizi mdogo. Mwizi mkubwa yupo hapa, na huyo aliyeunda pantoni naye sijui aliiba wapi. Ila hiyo habari ya kuota kaifute. Na hii pochi haitoki, naweka tambuu yangu."

Nilichojifunza: kuchukua kwa waliotangulia si dhambi, sote tunachukua. Dhambi ni kufagia nyayo ili uonekane umeshuka kutoka mbinguni. Siku hizi naandika hivi: "Mchoro wa bibi yangu wa Salale, kautoa kwenye pantoni ya Ndundu, mimi nimekosea kushoto."

Mashangazi saba wameshazirudia pochi zao. Watano wanasema hata kwa dawa hawagusi.

Haya, na wewe hicho unachokiita chako ulikitoa darini kwa nani? Semeni. Hata matusi napokea, ila ya shangazi hamuwezi kuyafikia.

Halafu kuna kimoja sijamwambia mtu.

Siku ile wakati naaga, bibi alinipa ule mkeka, aliokuwa ameushusha kuumalizia, niurudishe darini. Akaniambia kwa fahari kwamba pindo lake amelimaliza juzi tu. "Sasa hata wakiniita kesho, uko tayari."

Akatoka kwenda kutia udhu. Nikachomoa wembe wangu wa kufumulia nguo, nikafumua lile pindo, taratibu, shubiri moja. Nikaukunja, nikaufunga kitambaa chake cheupe, nikaupandisha.