Matundu Manne kwa Sauti ya Shangazi

Nina chumba kimoja huku Mafubira, pembeni mwa Jinja, ambacho mchana hakina saa. Kuta nimeziwamba mablanketi, dirishani nimeegemeza godoro, na mlango ukishafungwa, pikipiki za barabarani zinasikika kwa mbali sana, huwezi kujua zinakuja au zinakwenda. Humo ndimo ninamorekodi matangazo ya wauza nguo na wauza dawa ya panya, yale yanayozungushwa sokoni kwa spika. Kwa kuwa nayasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu Mbale, na huku Kiswahili wanakijua ni lugha ya askari, majirani huniita afande, na watoto wao hunipigia saluti nikienda dukani. Zamani nilikuwa nawafokea. Siku hizi nawarudishia saluti, napita.

Siku shangazi aliponipigia simu, nilikuwa nimelala chali sakafuni katikati ya waya, nasikiliza tangazo la mitumba kwa mara ya kumi. Shangazi ni dada wa baba, ndiye aliyenilea chini ya mlima Wanale mama alipofariki. Tangu nikiwa mdogo yeye ndiye kiongozi wa wanawake wanne wanaoimba kasida kwa matari kwenye harusi na Maulidi. Shingoni ana uvimbe, alikuwa nao miaka mingi, tukauzoea, hata wajukuu waliuchezea. Sasa ulikuwa unambana pumzi. Daktari alikuwa amemwambia atapasuliwa baada ya majuma matatu, na hakumficha: huenda sauti isirudi ilivyokuwa, huenda isirudi kabisa.

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu," akasema. "Nitakuwa bubu mwenye afya."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nililia pale pale sakafuni, kamasi na machozi, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi, mtu wa kurekodi, nina sauti ya kila mwuza dawa ya panya wa Jinja, na sauti ya shangazi sina. Kulikuwa na vipande vya simu vya arusini tu, vimejaa masufuria na vigelegele. Nikala yamini kwamba kabla ya kisu kumgusa, sauti ile nitakuwa nayo, safi, peke yake, niisikie hata nikiwa mzee.

Tatizo lilikuwa kisanduku. Kati ya maiki na kompyuta lazima kikae kisanduku cha kupokea sauti na kuiingiza ndani, na changu kilikuwa na matundu mawili tu ya maiki. Kwa matangazo yalinitosha na kubaki. Nikajiambia, wasiwasi wa nini? Nitamrekodi shangazi kwanza, halafu wenzake mmoja mmoja, kila mmoja akiwasikiliza wengine kwa hedfoni, kisha nitawaunganisha. Ndivyo wafanyavyo vijana wa studio. Nikapanga begi, nikaenda Mbale.

Shangazi alikaa kwenye mkeka, nikamwekea maiki mbele ya mdomo. Akaanza. Sauti ikatoka ile ile ya utoto wangu, nzito kidogo mwanzoni kisha inapanda bila haraka. Katikati ya mstari akanyamaza. Akangoja. Akaanza mstari wa pili, katikati akanyamaza tena.

"Shangazi, malizia mstari."

"Nimalizie nini? Hapo si pangu."

Na kweli, si pake. Katika uimbaji wao kiongozi hutoa nusu ya mstari, na kabla pumzi yake haijaisha wale watatu humnyang'anya na kuumaliza. Wakati wanamaliza, yeye anavuta pumzi, anamtazama bi harusi, anachagua mstari unaofuata. Miaka yote hiyo hajawahi kuimba mwisho wa mstari hata mmoja. Nikamwambia awawazie tu wenzake. Akajaribu, masikini. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande, akawangoja watu wasiokuwapo. Kwenye kompyuta nikaona sauti yake imechorwa vilima, na baada ya kila kilima uwanja mtupu.

Nikamwita mwenzake, yule mama mnene anayetoka Busiu na kikapu cha ndizi kila akija. Nikamvika hedfoni, nikamchezea nusu za shangazi. Akaingia amechelewa. Nikarudisha. Akaingia mapema.

"Mimi nangoja goti yake," akaniambia, jasho linamtoka. Wao huketi magoti yamegusana, na shangazi akikaribia kuachia mstari, goti lake hukaza. "Hii masikio ya plastiki haina goti, mama."

Nilipandwa na mori, nikautupa waya ukutani. Niliwaona wakaidi, wallahi, wanawake wazima wanaoshindwa jambo ambalo kijana yeyote wa mjini analiweza.

"Astaghfirullah! Hasira hizi umezitoa wapi?" shangazi akauliza. "Baba yako alikuwa mpole."

"Kwako," nikamwambia.

"Ala! Basi zitunze, ni za ukoo."

Niliporudi Jinja nilikuwa nimeshaelewa kosa ni langu. Waimbe pamoja, magoti yagusane, na mimi ndiye nitafute kisanduku cha kuwapokea wote kwa mkupuo, kila mmoja kwa njia yake, ili baadaye niweze kuinua sauti ya shangazi kutoka kwenye zile nyingine. Juma zima niliishi ndani ya visanduku. Nakaanga vitunguu, naona taa za kijani zikipanda na kushuka. Naswali, astaghfirullah, katikati ya sijda nahesabu matundu. Kwenye simu nilivitazama vya matundu manane, vya matundu kumi na sita, vyeusi, vyekundu, vinavyong'aa, na vyote bei yake ilikuwa ya watu wengine. Ninavyolikumbuka sasa, nahisi juma lile nililipita nikiwa nimelala usingizi mwepesi, natembea, nauza, nanunua, na masikioni nusu za mistari ya shangazi zinaning'inia.

Mjini kuna Mkenya mmoja anayeuza vyombo vya muziki, alikuja kwa barabara kuu miaka mingi iliyopita na hakurudi kwao. Duka lake ni jembamba, unapita kwa ubavu, na yeye hunung'unika nyimbo za kanisani siku nzima.

"Dada, yako ni hii," akaniambia, akaweka mezani kisanduku kipya. "Iko na chaneli nane."

Nikakigeuza mbele, nikakigeuza nyuma. "Nane ziko wapi, bwana? Nihesabie kwa kidole."

Akahesabu. Alipofika mbili kidole kikasita, kwa sababu matundu ya maiki yalikuwa mawili, hayo mengine ni ya kinanda na ya kuunganishia visanduku vingine ambavyo sina.

"Hizo zingine ni za baadaye," akasema, anacheka.

"Shangazi yangu hana baadaye!"

Ilinitoka kwa sauti ya tangazo. Watu wa dukani wakageuka. Niliona haya, nikataka sakafu inimeze, na badala ya kuomba radhi nikamsimulia yote, uvimbe, daktari, nusu za mistari, hata goti. Akazima redio. Akapanda ngazi, akateremsha kutoka rafu ya juu kitu kizito chenye vumbi, cha mkono wa pili, na matundu manane ya maiki, ya kweli, nikayagusa moja moja. Na bei yake naiweza! Nane! Kila mwanamke na maiki yake, kila tari na maiki yake. Nilikuwa nimeshafungua mkoba aliponishika mkono.

"Angalia waya yake kwanza."

Kichwa cha waya kilikuwa cha aina ya zamani, na kwenye kompyuta yangu hakukuwa na mahali pa kukiingiza. Ndiyo maana kilikuwa rahisi. "Nikikuuzia hii," akasema, "utanilaani mpaka nifike Malaba, mpakani. Wacha tu."

Nilichonunua kilikuwa cha kawaida kabisa, nilishakiona tangu naingia nikakidharau. Matundu manne, vitufe vya plastiki, rangi ya majivu. Kinakunywa umeme kutoka kompyuta yenyewe, kwa hiyo umeme wa Mbale ukikatika, betri itanibeba. Nilichomeka maiki tundu baada ya tundu, nikitikisa waya na kusikiliza kama kunakwaruza. Kulikuwa kimya, kimya kizuri. Matari hayatakuwa na maiki zao, yataingia na sauti za wenye nayo, basi. Maiki mbili nilikuwa nazo, mbili nikaazimwa na kina mama wa madrasa.

Siku ya kurekodi ilikuwa baada ya adhuhuri, zimebaki siku tano apasuliwe. Wanale ilikuwa na maji, nyuzi nyeupe zikishuka kwenye mwamba, na mawingu yamekaa chini kiasi kwamba ua wetu ulikuwa na mwanga wa ndani ya chandarua. Wale wanne wakaketi kwenye mkeka, magoti kwa magoti, na mbele ya kila mmoja maiki yake. Shangazi akatoa nusu ya mstari. Wakaipokea. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nimezikodolea macho taa nne za kijani, zikipanda moja, zikipanda tatu, moja, tatu, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile nilikuwa na furaha tupu, sina hata chembe ya hasira. Walipomaliza, mama wa Busiu akaniuliza kama imeshika. Nikamwambia imeshika.

Alipasuliwa salama, alhamdulillahi. Sauti ilirudi, lakini iliyorudi ilikuwa mkwaruzo, gunia linaburutwa sakafuni. Anaongea na unamwelewa, ila haipandi tena. Wenzake walimfuata mara tatu, akakataa kwenda kuimba. Walialikwa harusi mbili, wakazikataa zote mbili kwa kuwa hawana kiongozi. Shangazi akawa mtu wa kukaa mlangoni, anachambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Nikaenda na kompyuta. Nilikuwa nimefanya kazi majuma mengi katika chumba changu, nimeisafisha sauti yake, nimeipandisha, wale watatu nimewazima. Hii ndiyo zawadi niliyokuwa nimeiahidi nafsi yangu. Nikamvika hedfoni.

Akasikiliza, uso umekaza. Vilima, viwanja vitupu. Vilima, viwanja vitupu.

"Mzime huyo," akasema.

Nikajua nimemuumiza. Nikataka kumvua hedfoni, akanipiga kofi mkononi.

"Nimesema mzime huyo mmoja. Wale watatu wako wapi? Niletee."

Nikaifunga njia ya kwanza, nikafungua tatu. Nilivaa hedfoni za pili nisikie anachosikia. Wanawake watatu wakatujaa masikioni na matari yao. Na kwa kuwa walikuwa wameketi karibu vile, shangazi hakuwa ameondoka. Alikuwa ndani ya maiki za wenzake, mbali, kama mtu anayeimba ua wa jirani. Kwangu mimi, fundi, ule ni uchafu niliohangaika kuufuta majuma mengi. Yeye alizishika hedfoni kwa mikono miwili asije akaupoteza.

"Kumbe wanaimba hivi," akasema taratibu. "Mimi huwa navuta pumzi, nawaza mstari wa mbele. Sijawahi kuwasikia."

Akaniomba nianze upya. Yule wa mbali akatoa nusu ya mstari, bila haraka, sauti ya utoto wangu. Shangazi akafungua mdomo, na kwa ule mkwaruzo wake, pamoja na wale watatu, akaumalizia. Maneno mawili ya mwisho yalimpiga chenga. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, naye hata hakunitazama.

"Mwite yule wa Busiu," akasema. "Kuanzia sasa aongoze yeye, mimi nitakaa na wanaopokea." Kisha akanisukumia kompyuta. "Rudisha nyuma, mwanangu. Huu mwisho bado sijaujua."